Gonga Ukuta Kabla ya Kuweka Kitanda

Kabla hamjasoma zaidi, inukeni mkagonge ukuta ulio karibu nanyi. Tumieni kifundo cha kidole, kama mnavyobisha hodi. Ukilia kama ngoma, ndani ni wazi. Ukilia kizito kama mlango, hapo nyuma pana mbao. Ukikuumiza kidole na usilie kitu, huo ni saruji. Rudini mkae, tuendelee.

Ninyi vijana mnaopanga viti kanisani ndio mlioniomba niandike. Mlisema, "Mama Ukuta, wewe umeshika nyumba za watu miaka yote hiyo, tuambie kuna nini ndani." Ningewajibu kwa mdomo siku ile ile, lakini mkawahi kwenda kula. Basi naandika, na naandika polepole. Shule yangu iliishia darasa la sita, kule Uvira, na tangu hapo mkono huu umeshika kisu cha puti, ile rojo nyeupe ya kuziba na kulainisha kuta, zaidi ya kalamu. Nikirukaruka mtanivumilia. Fundi wa kuta hamalizi chumba kimoja ndipo aanze kingine. Anapaka huku, anaacha pakauke, anakwenda kule.

Nilipofika Toronto nilikuwa msichana mwenye haya. Nikiulizwa jina nilitazama viatu vyangu kana kwamba limeandikwa pale. Kazi ya kwanza ilikuwa usafi wa hoteli, ambako ilibidi niwasalimie wageni wote na tabasamu juu yake. Nikaikimbia. Mwanamke mmoja wa jengo letu, Parkdale, akaniambia kuna Mreno anatafuta mtu wa kubeba mbao za jipsamu. Nikaenda. Ukuta haukuulizi umetoka wapi.

Yule Mreno tulimwita Mzee Joakimu. Kiingereza chake kilikuwa kibaya na changu hakikuwepo, kwa hiyo tulielewana vizuri sana. Siku ya kwanza, saa ya chakula, nilikaa sakafuni mguu wangu ukiwa umeukanyaga ukuta tuliotoka kuufunga. Nilipojisukuma kuinuka, kisigino kikazama ndani mpaka kwenye kifundo. Nikajua nimefukuzwa. Mzee Joakimu akaja akautazama mguu, akatazama uso wangu, akacheka mpaka akakohoa.

"Vizuri," akasema. "Sasa umeona tunachouza."

Tulichouza ni hiki. Jipsamu ni unga mweupe uliogandishwa katikati ya karatasi mbili ngumu. Kuta za ndani za nyumba nyingi za hapa ni bodi moja ya jipsamu upande huu, bodi nyingine upande ule, na katikati hewa na nguzo za mbao. Ukuta wa nje unaongezewa pamba ya waridi ya kuzuia baridi, ile inayowasha mwili siku nzima, halafu ubao, halafu ngozi ya nje, ya plastiki au ya matofali. Nimesema ngozi. Matofali mnayoyaona kwenye nyumba mpya hayabebi nyumba. Nyumba ni mbao, na matofali yamevikwa kama koti.

Zamani haikuwa hivyo. Nyumba za kale za Parkdale zilikuwa na vibao vyembamba vilivyopigiliwa karibu karibu, juu yake plasta nzito yenye nywele za wanyama ndani. Kuubomoa ukuta ule ilikuwa kama kugombana na bibi. Unafikiri umemaliza, kumbe ndiyo kwanza anaanza. Tuliubomoa vyumba na vyumba, tukaweka jipsamu, na wenye nyumba wakafurahi kwa sababu ulinyooka na ulikuwa mweupe. Ni kweli ulinyooka. Lakini penseli yako ukiichonga vizuri inaweza kuupenya.

Sasa niingie kwenye jambo mlilolitaka, maana najua hamkuniomba habari za puti.

Miaka yangu ya mwisho kazini nilikuwa na kampuni ndogo iliyokuwa ikiitwa kwenda kurekebisha nyumba za kupanga. Mlango uliopigwa teke, dari iliyovuja, na mara nyingine tundu la risasi. Bosi wetu alikuwa na neno moja tu: ziba uondoke. Lakini huwezi kuziba tundu bila kujua lilikokwenda, kwa sababu linalotokea upande wa pili nalo ni lako la kuziba. Kwa hiyo nilijifunza kuzifuata.

Mara ya kwanza kulifuata tundu lilinipitisha ukuta wa nje, nikaingia chumba cha kulala, nikapita kabati la nguo pamoja na koti ndani yake, nikapita ukuta wa pili, nikatokea ukumbini. Hapo pakawa kimya. Hakuna tundu lingine. Ukumbini palikuwa na gunia la mchele tu, la wenyewe, Warundi, watu wa karamu. Nikawaambia itakuwa imeishia humo. Baba mwenye nyumba hakuamini. Jumapili ile mkewe akiwa anachagua mchele sinia mapajani, akitoa mawe kama kawaida, akatoa na risasi. Alinipigia simu.

"Mama Ukuta, nimeipata. Sasa mchele huu unalika?"

"Umeuosha?"

"Mara mbili."

"Basi unalika."

Msije mkajenga ngome ya mchele. Ile risasi ilikuwa imechoka, ilikuwa imepita nyumba nzima. Ninachotaka mkumbuke ni kwamba kuta mbili na kabati hazikuisimamisha. Watu wetu wengi wanadhani wakifunga mlango wa chumba wamejificha. Wamejificha kwa macho ya watu tu. Sofa haizuii. Mlango wa chumbani ndani yake ni makaratasi. Friji ni bati na plastiki. Bafu la zamani la chuma kizito ni afadhali, la siku hizi ni la plastiki, litakufaa kwa kuoga tu. Ghorofa refu za zamani zina saruji kati ya jirani na jirani, na hiyo ni zawadi, lakini kuta za ndani ya nyumba yako mwenyewe ni zile zile za karatasi. Kitu kinachosimamisha risasi bila kubishana ni udongo, udongo mwingi. Kwa hiyo katika nyumba ya hapa mahali pazuri kuliko pote ni chini, katika kile chumba tunachokiita besimenti, sehemu ambayo ardhi imeukumbatia ukuta wa saruji kutoka nje.

Hapo ndipo palipokuwa na shida nyumbani kwa Mama Neema.

Mama Neema alikuwa anakaa Lawrence Heights, katika nyumba zile za kuungana, na watoto wake wawili, Neema na mdogo wake Amani. Mumewe alifariki katika kambi ya wakimbizi kabla hawajapata safari ya kuja huku. Jumamosi moja mchana vijana wawili walitupiana risasi kwenye maegesho ya magari, wakakimbia. Hakuna aliyeumia. Moja ikaingia chumba cha watoto, juu, upande wa mbele. Watoto walikuwa jikoni wanakula maharage.

Nilipofika na ndoo yangu ya puti, yeye ndiye aliyenionyesha. Tundu lilikuwa dogo, la kidole. Chini yake palikuwa na mto wa Neema.

"Uliposikia ulifanya nini?" nikamuuliza.

"Nilifanya tunavyofanyaka kwetu, Yaya. Nilikamata sufuria na mwiko, nikapanda mbio mpaka dirishani, nikapiga."

Wenzangu wa Kivu mnacheka, mnajua; ninyi wengine, Yaya kwetu ni dada mkubwa. Kwetu wezi wenye silaha wakiingia mtaani, mama mmoja anapiga sufuria, wa pili anaitikia, mpaka mtaa wote unalia na wezi wanachanganyikiwa. Imeokoa watu wengi. Kule wanakuja kuvunja nyumba na wanaogopa kelele. Hapa wale vijana walikuwa wanapigana wao kwa wao, hawakuwa na habari na nyumba ya mtu, na kelele zile ziliwatoa majirani milangoni kuja kuona kuna nini.

"Yule Mjamaika wa pale ng'ambo alitoka na mtoto mkononi," Mama Neema akasema. "Aliniita mwendawazimu. Kisha ofisi ya nyumba ikaniletea onyo la makelele."

"Na wewe ulikuwa umesimama wapi?"

Akanionyesha. Alikuwa amesimama dirishani, hatua moja kutoka kwenye tundu. Akacheka kidogo, kisha akakaa juu ya kitanda cha Neema, na kicheko kikaisha.

"Niambie ukweli," akasema. "Batoto balale wapi?"

Swali lilikuwa hilo. Puti ilikuwa kazi ya bosi.

Nikamuuliza kama ana besimenti. Akasema anayo. Nikamwambia tukaione. Akaanza kukunja shuka lililokuwa tayari limekunjwa.

"Kule ni kwa shemeji."

Shemeji alikuwa Bahati, kaka mkubwa wa marehemu, watoto wanamwita baba mkubwa. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha mikate. Alipokuja kuishi nao walimpa besimenti, kwa sababu mwanamume mzima, tena mkubwa wa mumeo, hawezi kulala ukuta mmoja na wewe. Chini alikuwa na mlango wake na choo chake, heshima ikakaa. Hakuna aliyekosea. Ila katika nyumba ile ambayo kuta zake zote ni karatasi, chumba kimoja chenye udongo nje yake kilikuwa na mtu mzima mmoja, na watoto walikuwa juu, mbele.

"Mwambie mbadilishane," nikasema.

"Nimwambie nini? Nimtoe mkubwa wa marehemu chumbani kwake? Ndugu zake wataniuliza nilimkosea nini. Na yeye atalala wapi, mlango kwa mlango na mimi?"

Tulipokuwa tunasemezana hivyo Bahati akapanda ngazi. Mtu mrefu, mpole, anainamisha kichwa mlangoni hata pale asipohitaji. Alinisalimia vizuri sana. Akatazama tundu akasema, kwa utulivu, "Safari nyingine hawatapita. Mimi nina bunduki."

Ilikuwa ya kuwindia. Alikuwa amesoma kozi akapata kibali, anakwenda porini kaskazini mara moja moja na wenzake wa kiwandani. Alikuwa anaifungia kwenye sanduku la chuma kule chini, risasi mbali, kama sheria inavyotaka. Nikamsifu kwa hilo. Kisha akaeleza mpango wake. Akisikia mlio atafungua sanduku, atasimama chini ya ngazi za besimenti, na mtu yeyote akivunja mlango wa mbele atamwona akiwa juu ya ngazi.

"Na ukikosa?"

"Mimi sikosi, mama."

Mimi sina maneno mengi mbele ya wanaume warefu. Nilichukua kijiti changu. Kila fundi wa matundu ana kijiti cha mbao kilichonyooka, unakiingiza kwenye tundu la nje mpaka la ndani, kinakuonyesha mstari. Nikakichomeka. Kikatoka ukutani, kikapita juu ya mto wa Neema, kikalenga mlango. Wote wawili wakakitazama. Kisha nikakichomoa, nikashuka nao mpaka chini ya ngazi za besimenti, nikakishika begani kama bunduki, nikaelekeza juu kule anakosema mwizi atasimama.

"Nyuma ya mwizi kuna nini?" nikamuuliza.

"Dari."

"Gonga ukuta huu wa ngazi. Umesikia? Dari ni hivyo hivyo, na juu yake mbao za sakafu. Juu ya mbao kuna nini?"

Akainua macho. Tulisikia miguu ya Amani juu, anakimbia na gari lake la kuchezea.

Bahati akakishusha kijiti kutoka begani mwangu. Baadaye kidogo akasema, "Mama, wewe paka rangi yako," na hakuisema kwa ubaya. Akaingia chumbani akafunga mlango.

Nikakata kipande cha jipsamu, nikakifunga kwa skrubu kwenye vibao viwili nilivyoviweka nyuma, nikapaka koti la kwanza la puti, yaani tabaka la kwanza. Hapo huna la kufanya ila kusubiri. Vijana, koti la kwanza likiwa bichi usiligusie la pili. Litapasuka, na utarudi kulibandua huku unalaani hali ya hewa. Basi wakati linakauka niwape jingine.

Kulikuwa na baba mmoja Mkenya, Markham, nyumba kubwa ya peke yake. Aliniita nimfungie geti la chuma ndani ya nyumba, ukumbini, kati ya sebule na vyumba vya kulala, kama walivyozoea Nairobi. Mkiingia kulala mnalifunga, mwizi abaki na televisheni. Geti lilikuwa zuri, maua ya chuma na kufuli kama kichwa cha mtoto. Nikamuuliza, "Bwana, nilifunge kwenye nini?" Akasema kwenye ukuta. Nikagonga. Akasikia. Akagonga mwenyewe upande wa pili, akacheka: "Kumbe nimenunua mlango wa elfu na ukuta wa senti!" Mkewe, muuguzi, hakucheka. Yeye aliwaza moto. Alisema, "Na usiku moshi ukijaa, nani ataipata hiyo funguo?" Geti likaenda bustani ya nyuma, likapandwa maharage yanayotambaa. Nililiona mwaka uliofuata, limependeza.

Mwanamke yule alisema kweli, nanyi mlishike. Mpango wa nyumba unaomzuia mwizi na kukufungia motoni si mpango. Ndiyo maana hata besimenti haitoshi kuwa chini ya ardhi. Iwe na dirisha ambalo mtu mzima anaweza kutokea, lifunguke kwa mkono bila ufunguo, na kengele ya moshi inayolia. Niliporudi kwa Mama Neema kupaka koti la pili, nililijaribu dirisha la chini kwanza. Lilikuwa limekwama kwa rangi. Nikalikwangua likafunguka, nikaweka chini yake kigoda. Bahati alikuwa kazini. Mama Neema alisimama mlangoni pa chumba kile asiingie, kama yuko kwa watu.

Siku hiyo tuliupanga mpango pamoja na watoto, sebuleni. Nawaandikia kama ulivyokuwa, muuchukue.

Ukisikia mlio, hata kama hujui ni nini, unajilaza kwanza. Huendi dirishani. Hurekodi na simu, Neema, nakuona. Ukiwa karibu na ngazi unashuka kwa kutambaa mpaka besimenti. Ukiwa mbali nazo unalala pale pale, chini kabisa, tumbo sakafuni, mbali na dirisha na mlango, na vitu vingi iwezekanavyo kati yako na nje. Hakuna anayemfuata mwenzake. Mama hapandi kumtafuta mtoto, mtoto hatoki kumtafuta mama. Mama anataja majina kwa sauti, kila mtu anaitika alipo. Kisha mtu mmoja anapiga simu polisi, akiwa amelala, na hakuna anayeinuka mpaka waseme.

Amani akauliza kwa Kiingereza kama anaweza kwenda na gari lake. Tukakubaliana anaweza, likiwa tayari mkononi.

"Na baba mkubwa?" Neema akauliza, kwa Kiingereza vile vile. "Naye anaitwa?"

Mama yake akanitazama. "Baba mkubwa ana mpango wake," akasema.

Kitanda tulikisogeza mbali na ukuta wa mbele, tukakitoa miguu, godoro likakaa karibu na sakafu. Ilikuwa afadhali, haikuwa kutosha, na yeye alijua.

Bahati aliporudi kutoka kiwandani alinikuta nafunga ndoo. Nikaona nimwambie mimi, kwa kuwa si shemeji yangu. Nilimkuta nje, kwenye ngazi ya mlango, anavua viatu vyenye unga.

"Ndugu yangu, watoto wangelala chini na mama yao, wewe ukalala juu. Mngeachana ghorofa nzima, heshima ingebaki."

"Hilo nililiwaza kabla yako," akasema. "Unadhani sijaona kitanda kiko wapi?"

"Sasa?"

Alikaa akikung'uta kiatu kimoja muda mrefu. "Mdogo wangu alinishika mkono akasema, watoto wangu usiwaache. Yeye mwenyewe alikuwa hawezi hata kukaa. Mimi nikilala juu, wao chini, na bunduki iko chini kwa watoto, haiwezekani. Bunduki ikiwa juu nami, nitampiga nani kutoka juu? Kila upande ninaoelekeza sasa naona kijiti chako. Ukiniambia niiache, basi nitakuwa nafanya nini katika nyumba hii? Nitalala sakafuni na batoto, nangoja polisi?"

"Ndiyo."

"Mimi?"

"Wewe."

Akavaa kiatu tena, akaondoka kwenda matembezini na soksi moja imepinda.

Niwaambie mwisho wa bunduki na vitanda kabla sijafika kwenye siku yenyewe, msije mkakaa roho juu. Bunduki aliirudisha dukani alikoinunua, wakaichukua kwa utaratibu wao wa makaratasi. Vitanda vilibadilishana ghorofa. Mama Neema na watoto walishuka chini, Bahati akapanda juu, akalala chumba cha nyuma na sio cha mbele, na cha mbele wakakifanya stoo ya masanduku na nguo za baridi. Ofisi ya nyumba haikuwa na neno, maana hawakujenga kitu. Lakini yote hayo yalikuja baada ya koti la tatu.

Nilikwenda kulipiga msasa, Jumamosi asubuhi. Msasa ndiyo kazi ninayoipenda. Unafumba macho, unapapasa kwa kiganja, na mahali ambapo jicho linasema pamenyooka mkono unasema bado. Mzee Joakimu alikuwa anazima taa kabisa anapokagua kazi yangu, anapapasa gizani, na kidole chake kikisimama najua naanza upya.

Watoto walikuwa sebuleni. Bahati akanipandishia chai, kikombe na sahani yake, kama mtu anayetaka kusema kitu. Akasimama katikati ya chumba cha mbele, anautazama ukuta.

"Halionekani tena," akasema.

"Ndiyo kazi."

Hapo mlio ukasikika. Mmoja, mkubwa, wa karibu, madirisha yakatetemeka. Mimi nilikwisha kuwa chini, msasa bado mkononi, shavu kwenye vumbi. Mwili una kumbukumbu zake, wa kwetu sisi hasa. Kutoka chini nikasikia magoti ya watoto yakipita sakafuni, haraka haraka, yakishuka ngazi, na sauti ya Mama Neema nyuma yao, "Chini, chini, chini."

Bahati alikuwa bado amesimama. Nilimwona anatazama dirisha, kisha anatazama mlango wa kwenda ngazini, kule ambako kulikuwa na sanduku. Kati yake na sanduku walikuwa watoto. Nilisema, "Ndugu yangu."

Akalala. Mtu mrefu vile, alikunjika kama kitanda cha turubai, magoti, mikono, kisha tumbo. Chai ikamwagika kati yetu ikaanza kutembea kwenye mbao. Tulitazamana, pua kwa pua, nyusi zake zimekuwa nyeupe kwa unga wa puti.

Baadaye tulijua kilikuwa nini. Barabara ya pili walikuwa wanajenga, lori lilikuwa limeangusha bamba la chuma. Lakini pale sakafuni hatukujua, na hakuna aliyeinuka kwenda kuona.

Kutoka chini ya nyumba Mama Neema akaanza kuita. Hakupaza sauti sana. Sauti inapita vizuri katika nyumba hizi.

"Neema."

"Niko."

"Amani."

"Niko," akasema Amani, kwa Kiswahili, na gari lake likagonga saruji.

"Mama Ukuta."

"Niko, juu, nimelala."

Nilijua anasita, kwa sababu jina lililobaki, la mkubwa wa marehemu mumewe, kwa heshima hakuwa na ruhusa ya kuliita. Bahati alikuwa amefumba macho.

"Shemeji," akaita.

Chai ikafika kwenye kiwiko cha Bahati, wala hakukiondoa.

"Shemeji Bahati."

"Niko," akasema. Akakohoa vumbi, akasema tena kwa nguvu ili isikike mpaka kule chini. "Niko, mama Neema. Nimelala sakafuni."

"Basi," akasema yeye. "Tuko wote. Neema, piga simu."